"Bid" na "tender": namna ya kuyasoma kwenye nyaraka za zabuni

Fundi seremala wa Mafinga anayetaka kuiuzia halmashauri madawati hukutana na maneno haya kabla hajafika kwenye bei. Kamusi humpa jibu moja kwa yote mawili: zabuni. Si uongo, ila halitoshi.

Anza na "tender", maana lina pande mbili: mwaliko wa mnunuzi, na pia ofa unayoirudisha wewe. Tazama kitenzi kilicho jirani. Ikitangazwa, ni ya mnunuzi. Ikiwasilishwa, ikifunguliwa au ikiondolewa, ni yako. "Bid" daima ni ofa ya anayeshindana. (Programu ya tafsiri ikikuletea "laini" kwa "tender", imechukua maana ya nyama iliyo laini. Iache.)

Panapoumiza ni pale unapochanganya na mnada. Nyumba au gari chakavu linaponadiwa, "bid" ni dau: unalitaja hadharani, mwenzako anapanda, nawe unapanda tena, wa juu anachukua. Zabuni ya madawati ni kinyume kabisa. Bei ni siri mpaka saa ya kufungua; unaweza kuibadilisha kabla ya muda wa mwisho, baada ya hapo huigusi, na inayotafutwa ni ya chini iliyotimiza masharti. Kiswahili chenyewe kinachangia mkanganyiko, kwa kuwa kuzabuni ni kutaja bei mnadani tangu zamani. Ndiyo maana wengine huweka bei ya juu wakitegemea kuibadilisha baadaye kama mnadani, wakaanguka.

Nyaraka za Benki ya Dunia hutumia "bid", za serikali ya Tanzania "tender". Kwa hiyo "bid security" na "tender security" ni kitu kimoja, dhamana ya zabuni: hati, mara nyingi ya benki, ya kuthibitisha kwamba hutaikimbia ofa yako. Usiende benki mara mbili. Tofauti ni "performance security", dhamana ya utekelezaji, ya kwamba utaikamilisha kazi, inayodaiwa ukishashinda.

"Bid price" na "tender price" nazo ni moja: jumla ya zabuni nzima, si bei ya dawati moja. Madawati 120 kwa shilingi 85,000 ni 10,200,000. Ukikosea ukaandika 10,020,000, kwa kawaida bei ya kimoja ndiyo inayoshika, na jumla husahihishwa kuifuata. Ukikataa masahihisho hayo zabuni yako hutupwa, na dhamana inaweza kwenda nayo.