Kupaka steini baraza la mbao la nje: iache mbao inywe

Kila mwaka masika yakishapita, simu zangu zinafanana. "Fundi, baraza letu limeanza kubanduka." Naenda, nainama, naingiza ukucha chini ya ganda, na linanyanyuka kama ngozi ya nyoka. Chini yake mbao imekuwa nyeusi kwa ukungu. Karibu kila mara jibu ni lile lile: lilipakwa vanishi ya samani za ndani, likapakwa nene, tena juu ya mbao ambayo haijakauka.

Vanishi inakaa juu ya mbao kama kioo. Ndani ya nyumba haina tatizo. Nje, hasa nyumba zetu za pwani ya Dar es Salaam, Kigamboni, Msasani na Mbezi Beach, mbao inavimba ikinyeshewa na inasinyaa ikipigwa jua, kila siku. Lile ganda haliwezi kwenda nayo. Linapasuka, maji yanaingia kwenye nyufa, na yakishaingia hayana pa kutokea. Steini, kimiminika chepesi cha kulinda mbao, inafanya kazi kwa njia nyingine, inazama ndani ya nyuzi. Mafundi wa majahazi wa pwani hii walilijua jambo hili zamani. Mbao za chombo walizipaka sifa, mafuta ya papa, wakaziacha zinywe, kisha wakazipaka tena zilipokauka. Sehemu ya chini inayozama majini waliisiliba kwa deheni, mchanganyiko wa mafuta ya wanyama na chokaa. Hapa nitaeleza namna ninavyopaka steini, kuanzia dukani hadi siku ya kurudisha viti.

Ijue mbao yako kwanza

Usinunue chochote kabla hujajua una mbao gani. Mkongo na mvule ni ngumu na zinastahimili nje kwa miaka mingi, lakini hazinywi haraka. Mninga ni mzuri sana, ila jua linaifubaza rangi yake nyekundu upesi. Mtiki una mafuta yake ya asili, kwa hiyo kabla ya kupaka ninaufuta kwa kitambaa chenye tina kidogo, ile ya kuyeyushia rangi, nausubiri ukauke, kisha napaka siku ile ile kabla mafuta hayajapanda tena juu. Paini, nyingi ikitoka Sao Hill kule Mufindi, inakunywa kama mtu aliyetoka jua la saa saba. Paini ya nje lazima iwe imetiwa dawa, na ikiwa bado ina ule ukijani na unyevu wa dawa, ipe wiki kadhaa hewani kwanza.

Kuna mbao moja ambayo sitaki kukudanganya juu yake, nayo ni ile iliyokwisha pakwa oili chafu ya gari. Najua watu wengi wanaipaka kwa ajili ya mchwa. Oili ile haikauki. Inachafua miguu ya watoto, inaingia udongoni, na steini haiwezi kupita juu yake. Ikiwa baraza lako lilipakwa oili, geuza mbao upande wa pili au ondoa tabaka la juu kwa randa. Kuosha kwa sabuni hakutoshi.

Kuchagua steini

Rangi iliyo ndani ya steini ndiyo mwavuli wa mbao. Jua linaharibu ile gundi ya asili inayoshika nyuzi, ndiyo maana mbao iliyoachwa wazi inageuka kijivu na kuanza kutoa vinyuzi. Steini isiyo na rangi kabisa inazuia maji, lakini jua inaliachia. Wateja wanaipenda kwa sababu inaonyesha mbao ilivyo, na mimi huwa nawaambia wazi kwamba kwa jua la Dar watarudia kila mwaka.

Ninayoichagua mara nyingi ni yenye rangi ya wastani, unayoiona mistari ya mbao kupitia kwake. Kwa paini kuukuu yenye mabaka, chukua nzito zaidi. Ile nzito kabisa inayofunika kila kitu inakaribia kuwa rangi ya kawaida, na juu ya sakafu inayokanyagwa inaweza kubanduka pia, kwa hiyo naiacha kwa uzio na kuta.

Kuna ya mafuta na kuna ya maji. Ya maji inakauka haraka na haina harufu kali. Ya mafuta inazama zaidi na inakupa muda wa kusahihisha, na kwa sakafu ya nje ndiyo ninayoitumia. Kitu kimoja usikifanye: usiiongeze mafuta ya taa ili iwe nyingi. Rangi inakuwa nyepesi na kukauka kunaharibika.

Kuhusu kipimo, baraza la mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20. Kwa mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, mimi hukadiria lita moja kwa mita za mraba 6 hivi, kwa hiyo lita 3 na kidogo. Mkono wa pili unakula kidogo zaidi ya nusu ya hapo. Ukiongeza ncha, ngazi na pembeni, nunua lita 6. Mbao kuukuu iliyokauka sana itakula zaidi. Soma kopo, maana kila kampuni ina kipimo chake, kisha jaribu kwenye kipande cha mbao ile ile kabla hujaamua rangi. Rangi ya kwenye kadi ya dukani ilipakwa mbao nyingine.

Wakati

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Masika ni Machi hadi Mei, vuli inaanza Oktoba. Kipupwe, Juni hadi Septemba, ndicho kipindi changu. Januari na Februari inawezekana, ila joto ni kali na steini inakauka kabla haijazama.

Usipake ubao ambao jua limeupiga hadi mguu hauvumilii. Baraza linalotazama bahari linapata jua la asubuhi, kwa hiyo lipake alasiri, kivuli cha nyumba kikishalifunika. La upande wa pili lipake asubuhi, umande ukishakauka, tuseme saa tatu hivi. Na uangalie anga. Nataka siku mbili bila mvua mbele yangu.

Kusafisha na kukausha

Ondoa viti na vyungu vyote. Kaza skrubu zilizolegea. Zile zenye kutu zitoe na uweke za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu kutu ikikutana na utomvu wa mbao ngumu inaacha doa jeusi ambalo steini haitalificha. Chumvi ya bahari inaliharakisha jambo hili kuliko watu wanavyodhani. Madoa ya aina hiyo, na ule ukijivu wa jua, naondoa kwa asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa kwenye maji. Vaa glavu na miwani, weka watoto na kuku mbali, kisha suuza kwa maji mengi.

Uchafu wa kawaida unatoka kwa sabuni ya unga na brashi ngumu ya nailoni, ukisugua kufuata mistari ya mbao. Steelwaya usiiguse. Vipande vyake vidogo vinabaki kwenye vitundu na vinageuka kutu mvua ya kwanza. Dawa ya klorini pia siipendi, inaua ukungu lakini inakula nyuzi. Kama unatumia mashine ya kuoshea magari, simama mbali, sentimita 30 au zaidi. Nimeona baraza la mninga lililochanwa mistari kama limelimwa na trekta, na kila mstari ulilazimika kuondolewa kwa msasa.

Vanishi ya zamani itoke yote. Kwangua, piga msasa, kwangua tena. Panapobaki ganda, steini haiingii na utabaki na baka.

Halafu subiri. Baada ya kuosha, mbao laini naipa siku mbili za jua, mbao ngumu tatu au nne. Ukiwa na kipima unyevu, asilimia 15 au chini ya hapo anza. Ukisoma 18, rudi nyumbani. Miaka ya nyuma niliwahi kupaka mwezi wa tano kwa sababu mwenye nyumba alikuwa na sherehe. Uso wa mbao ulikuwa mkavu, ndani ulikuwa na maji. Wiki mbili baadaye sakafu ilikuwa bado inanata, vumbi na majani yamegandia, na niliirudia kazi yote kwa gharama yangu. Tangu hapo sherehe ya mtu hainipangii ratiba.

Msasa

Anza na namba 60, malizia na 80. Basi. Mafundi wa samani waliozoea kazi za Keko, mtaa wa karakana za samani, hapa wanashangaa, kwa sababu meza wanaipeleka hadi 220 iwe laini kama shavu. Sakafu ya nje ukiilainisha hivyo unaziba vitundu na steini inabaki juu. Fuata mistari ya mbao, usizungushe mkono. Vaa barakoa, hasa kwa mvule, vumbi lake linawasha pua na macho. Fagia, kisha safisha mapengo kati ya mbao kwa kisu chembamba, maana uchafu unaokaa pale unashika maji.

Sasa fanya jaribio la tone. Chovya kidole kwenye maji, dondosha matone manne, matano mahali mbalimbali. Tone likienea na kuzama ndani ya dakika chache, mbao iko tayari. Likikaa limeviringana kama shanga, bado kuna mafuta au vanishi, rudi kwenye msasa. Jaribu karibu na ukuta pia, sehemu ambayo mvua haifiki. Mara nyingi ndiko vanishi ya zamani inakojificha.

Kupaka

Funika ukuta na maua kwa nailoni. Mimina makopo yote kwenye ndoo moja, ili rangi isibadilike katikati ya baraza, kisha koroga kwa kijiti kutoka chini, maana rangi inatuama. Rudia kukoroga kila baada ya dakika kumi.

Anzia kona ya mbali, malizia kwenye ngazi, usije ukajifungia. Chukua mbao mbili au tatu, uzipake kwa urefu wake wote, mwanzo hadi mwisho, ndipo uhamie nyingine. Ukiacha ubao katikati ukaenda kunywa chai, pale uliposimama patakuwa na alama nyeusi isiyofutika. Rola inaharakisha kumwaga, lakini pitisha brashi ya inchi 4 nyuma yake, kwa sababu brashi ndiyo inayoisukuma steini ndani. Ncha za mbao zilizokatwa zipake mara mbili au tatu. Hapo ndipo maji yanapoingilia, na utaziona zinameza ukizitazama tu.

Kisha hatua ambayo watu wengi wanairuka. Subiri dakika 10 hadi 15, chukua kitambaa cha fulana ya pamba na ufute kila kilichobaki juu. Mama mmoja aliyekuwa amekaa mlangoni aliniuliza, "Fundi, mbona unaifuta rangi niliyoinunua kwa bei?" Nikamwambia, "Mama, mbao imekunywa imeshiba. Hii iliyobaki juu haitaingia tena, itakaa hapa inanata." Nikamshikisha mkono sehemu mbili, niliyofuta na ambayo bado. Ya kwanza ilikuwa kavu inayoteleza kidogo, ya pili ilimwachia rangi vidoleni. Akaita na kijana wake aje aone.

Mkono wa pili unategemea mbao. Paini karibu kila mara inauhitaji, na kopo litakwambia usubiri muda gani. Mkongo na mvule mara nyingi mkono mmoja unatosha. Ukiona inabaki inang'aa bila kuzama, usiongeze.

Vitambaa

Tafadhali soma hapa taratibu. Kitambaa kilicholowa steini ya mafuta kinatoa joto kinapokauka. Ukivikunja na kuvirundika kwenye mfuko, joto haliwezi kutoka na vinaweza kuwaka moto vyenyewe, usiku, watu wamelala. Vitandaze kimoja kimoja nje juu ya sakafu ya saruji hadi vikauke vikakamae, au uvizamishe kwenye ndoo ya chuma yenye maji na uifunike. Usiviache stoo, wala ndani ya gari.

Kurudisha viti

Kukanyaga kwa miguu mitupu, subiri saa 24 hadi 48. Viti na vyungu, siku tatu au nne, na kwa unyevu wa hapa kwetu siku moja ya ziada ni nzuri. Chini ya vyungu weka vijiti ili hewa ipite, la sivyo utapata duara jeusi.

Mwakani kipupwe kikiingia, rudia jaribio la tone katikati ya baraza, pale watu wanapopita zaidi. Matone yakisimama bila kuzama, fagia tu. Yakizama, osha, kausha, paka mkono mmoja na ufute. Hutahitaji kukwangua chochote, na ukiacha siku za kukausha, kazi yenyewe ni ya siku moja.