Namna ya Kuiruhusu Imani Iufanyie Moyo Kazi kutoka Ndani

Wengi wanaomwamini Kristo huanza kwa kujirekebisha kwa nje: huacha ulevi, hupunguza maneno makali, huhudhuria ibada bila kukosa, kisha baada ya miezi kadhaa hushangaa kuona chuki ileile na wivu uleule vingali vimekaa mahali pake. Yesu alieleza sababu yake katika Injili ya Marko, sura ya 7, aliposema kwamba kinachomtia mtu unajisi hakiingii kutoka nje, bali hutoka moyoni mwake. Katika Maandiko, moyo si makao ya hisia peke yake. Ndiko mtu anakofikiri, anakotamani na anakoamua. Anayetaka kubadilika kweli hana budi kuanzia huko.

Anza kwa kukubali kwamba huwezi kujipa moyo mpya. Katika Ezekieli 36:26 Mungu ndiye anayeahidi kuuondoa moyo wa jiwe na kutia moyo wa nyama. Paulo naye, anapowaandikia Warumi katika 12:2, hawaambii wajigeuze, bali anasema “mgeuzwe”, na tofauti ya silabi hizo chache ni kubwa mno. Mfalme Daudi aliposhtakiwa na nabii Nathani kwa kuzini na Bathsheba na kumwua mumewe Uria, hakuahidi kujitahidi zaidi. Zaburi ya 51 inamwonyesha akiomba aumbiwe moyo safi. Omba hivyo kila siku, na dhambi uitaje kwa jina lake. Badala ya kuomba tu usamehewe makosa yako, sema kwamba ulimwonea wivu ndugu yako alipofanikiwa, au kwamba ulisema uongo ili uonekane mwema. Toba ya jumla haigusi kidonda, na ndiyo maana mara nyingi haikiponyi.

Kisha soma Neno polepole. Chagua kifungu kifupi cha Injili, ukae nacho juma zima, ukijiuliza kinamwonyesha Mungu kuwa ni wa namna gani na ni kitu gani ndani yako kinachokipinga. Ukifika penye neno linalokuudhi, usiharakishe kulipita, kwa maana mara nyingi hapo ndipo moyo unapoguswa.

Zoezi ninaloliona kuwa gumu kuliko yote, na lenye matunda mengi kuliko yote, ni lile la Mathayo 5:44, yaani kumwombea aliyekutendea mabaya. Mtaje kwa jina na umwombee mambo yaleyale unayojiombea wewe mwenyewe: afya, riziki, amani ya watoto wake. Siku za kwanza maneno yatakuwa makavu, pengine yatakukera, wala kukereka huko si unafiki maadamu unaendelea kwa sababu Kristo ameagiza na si kwa sababu unajisikia. Wengi waliodumu katika maombi haya hawakumbuki siku ambayo chuki iliondoka. Walitambua tu kwamba wamelisikia jina lile bila kukunja uso. Hata hivyo, kusamehe hakumaanishi kubaki chini ya mkono wa anayekupiga au kukudhulumu. Ondoka, tafuta msaada, na msamaha uufanyie kazi ukiwa mahali salama.

Imani iliyoingia moyoni hufika pia mfukoni. Zakayo, mtoza ushuru tajiri katika Luka 19, alitoa nusu ya mali yake kwa maskini na kuahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu, lakini zingatia mpangilio: Yesu alijikaribisha kwake kwanza, kabla hajatoa chochote. Kama unacho cha mtu, kirudishe, si ili upendwe na Mungu, bali kwa kuwa umekwisha kupendwa. Mtafute pia ndugu mmoja mwaminifu wa kuungama kwake, kama Yakobo 5:16 inavyoelekeza.

Usishangae kazi hii ikichukua muda mrefu. Baharia Mwingereza John Newton alimlilia Mungu katika dhoruba baharini mwaka 1748, naye mwenyewe aliihesabu siku ile kuwa mwanzo wa wokovu wake. Lakini aliendelea kusafiri katika biashara ya watumwa hadi 1754, na ilikuwa 1788 alipochapisha ushuhuda wa kuilaani. Watu waliteseka katika miaka hiyo yote, kwa hiyo habari yake isiwe kisingizio cha kukawia. Inaonyesha jinsi mtu anavyoweza kumkaribisha Kristo sebuleni huku chumba kimoja akikifunga kwa ufunguo, hasa chumba kile kinachomwingizia fedha.

Kukitambua chumba hicho, usijitegemee wewe mwenyewe. Mwombe anayeishi nawe au anayefanya kazi chini yako akuambie ni wapi imani yako haionekani. Msikilize bila kujitetea, umshukuru, kisha usiku huo alilolisema ulipeleke mbele za Mungu kama alivyolisema.