Somo: Namna ya Kuandika Majina ya Wanaume wa Biblia kwa Alama za Elementi

Tangu tulipobandika katika darasa la shule ya Jumapili, hapa Kakamega, vibao vinavyosomeka Nuhu, Yona na Esau kwa alama za elementi za kemia, kama H ya haidrojeni, haipiti wiki bila mtu kuniuliza: "Mwalimu, na jina langu je?" Nimejibu sokoni, nimejibu kwenye matatu, nimejibu kwa simu usiku, na majibu ni yale yale. Ninaandika somo hili mara moja, kwa utaratibu, ili mwenye swali asome kwanza, kisha aulize lile ambalo sikulieleza.

Nianze na jambo ambalo wengi hawalitarajii: kwa kazi hii Kiswahili kina nafasi ambayo Kiingereza hakina. Jedwali la elementi lina alama 118, wala hakuna hata moja yenye herufi J. Joseph, Jonah, Jacob, Joshua na John wote wamefungiwa nje kabla hata ya herufi ya pili. Sisi tunaandika majina hayo kwa Y, na Y ni alama kamili ya itriamu, elementi ya 39. Si yote yanayofika mwisho, lakini Yona na Yusufu yanafika, na Benyamini, ambalo kwa Kiingereza hukwamishwa na J iliyo katikati, linafika pia.

Hatua ya kwanza. Chagua tafsiri moja ya Biblia na ufuate tahajia yake hadi mwisho. Mimi nafuata Union Version ya 1952.

Hatua ya pili. Pata jedwali lenye alama zote 118. Ikiwa chati yako ina alama za herufi tatu kama Uut au Uuo, imepitwa na wakati, kwa kuwa alama nne za mwisho za namna hiyo zilibadilishwa mwaka 2016 zikawa Nh, Mc, Ts na Og.

Hatua ya tatu. Angalia mwisho wa jina kabla ya mwanzo. Herufi zinazosimama peke yake ni kumi na nne tu: B, C, F, H, I, K, N, O, P, S, U, V, W na Y. Majina yetu huishia kwa irabu, na kati ya irabu tano, I, O na U zinajitegemea, ilhali A na E haziwezi. Kwa hiyo jina linaloishia kwa a ni lazima limalizike kwa Ba, Ca, Ga, La, Na, Pa, Ra au Ta. Sila linapita (Si, La), na Tera, babaye Abramu, linapita (Te, Ra). Luka, Mika, Isaka, Isaya, Yuda, Elisha na Yeremia hayapiti, na hakuna haja ya kuyahangaikia. Jina linaloishia kwa -mu nalo hupita pale tu m inapoungana na herufi iliyo kabla yake, kama katika Am. Ndiyo maana Hamu linapita (H, Am, U) na Balaamu linapita (Ba, La, Am, U), lakini Ibrahimu, baada ya kwenda vizuri kwa I, B, Ra na H, linaangukia kwenye silabi ya mwisho kabisa.

Hatua ya nne. Kata jina vipande vya herufi moja au mbili, na unapokwama rudi nyuma kabla ya kusema halipo.

Hapa ndipo nilipokosea, na ninaomba msomaji atulie. Mzee mmoja wa kanisa letu anaitwa Barnaba. Aliniuliza mbele ya watoto kama jina lake linaweza kuwekwa ukutani. Nilianza na Ba, ambayo ni bariamu, nikaendelea na Rn, ambayo ni radoni, nikabaki na a-b-a. Hakuna alama A na hakuna Ab. Nikamwambia kwa uhakika wote kwamba haliwezekani, naye akaketi kimya. Jumapili iliyofuata msichana wa gredi ya saba akaniletea daftari lake akiwa ameandika B, Ar, Na, Ba: boroni, argoni, sodiamu, bariamu. Jina lilikuwepo tangu mwanzo. Kosa langu lilikuwa kushika alama ndefu ya kwanza niliyoiona na kukataa kuiachia. Nilimwendea mzee nyumbani kwake kumwomba radhi, na kibao chake ndicho kikubwa kuliko vyote darasani leo.

Tahadhari, basi. Ukianza Asheri kwa As na He, utabaki na r-i na kukwama. Njia ni As, H, Er, I. Ukianza Finehasi kwa F na In, utakwama kwenye e; njia ni F, I, Ne, H, As, I. Ukianza Hiramu, yule mfalme wa Tiro, kwa H, I, Ra, utakwama kwenye -mu. Njia ni H, Ir, Am, U. Dawa niliyoipata ni kukata jina kuanzia nyuma. Chukua Hiramu tena: Mu si alama, basi U inasimama peke yake, m haisimami peke yake, basi inaungana na a kuwa Am, r nayo haijitegemei, basi inaungana na i kuwa Ir, inabaki H. Kila hatua imelazimishwa na ile iliyotangulia, na hakuna pa kubahatisha. Usimwambie mtu kwamba jina lake halipo kabla hujalikata kutoka pande zote mbili.

Hatua ya tano. Herufi ya kwanza ya alama ni kubwa na ya pili ni ndogo, na namba ya atomi iandikwe juu. Katika Henoko unaweza kuandika He, No, K, O au He, N, O, K, O. Asiyetofautisha No ya nobeliamu na N na O zilizotengana atasoma vitu viwili tofauti.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi wa Mumias: Musa je?

Jibu: Hakuna alama M, hakuna Mu, hakuna Sa. Hatua ya tatu imeeleza kuhusu majina yanayoishia kwa a.

Mkulima wa Njoro: Mwalimu, mimi nimekuwa nikijiuliza kuhusu wana kumi na wawili wa Yakobo. Ni wangapi wanaopita?

Jibu: Asante, ndugu yangu, kwa swali hili, kwa sababu nililifanyia kazi jioni nzima na hakuna aliyewahi kuniuliza. Ni nusu yao kamili. Wanaopita ni Reubeni (Re, U, Be, Ni), Lawi (La, W, I), Naftali (Na, F, Ta, Li), Asheri, Yusufu na Benyamini. Wasiopita ni Simeoni, Yuda, Dani, Gadi, Isakari na Zabuloni. Utaona kwamba wana wote wawili wa Raheli wamo. Yusufu lina uzuri wa pekee, kwa kuwa ni herufi sita na elementi sita zinazojitegemea: Y, U, S, U, F, U. Kuhusu manabii wenye vitabu, kuanzia Isaya hadi Malaki, utapata wawili tu, yaani Amosi na Yona. Katika mitume kumi na wawili utapata Filipo (F, I, Li, Po) na Simoni (Si, Mo, Ni).

Binti wa Kondele: Umesema Daudi hawezekani, lakini D ipo. Ni deuteriamu. D, Au, D, I. Rekebisha somo lako.

Jibu: Sikumtaja Daudi popote, dada, na somo halina cha kurekebishwa hapo. Deuteriamu ni isotopu ya haidrojeni, yenye protoni moja kama haidrojeni nyingine yoyote, na haina chumba chake katika jedwali. Alama D hutumiwa na wanakemia, hilo ni kweli, lakini kichwa cha somo kinasema elementi.

Mpiga chapa wa Lanet: Nimejaribu Barnaba, haiwezekani.

Jibu: Soma hatua ya nne.

Mjukuu wa Maseno: Shikamoo, Mwalimu. Katika kitabu cha kemia alichoniachia babu, argoni imeandikwa A peke yake, si Ar. Je, ni makosa ya uchapaji? Maana kwa kitabu hicho Isaka anapita.

Jibu: Marahaba, mjukuu. Si makosa, na umegundua jambo lililonifurahisha sana. Argoni ilikuwa na alama A hadi mwaka 1957, IUPAC, chama cha kimataifa cha kemia, ilipoifanya kuwa Ar. Hebu tazama maana yake kwetu. Kwa A ile, Isaka ni I, S, A, K, A. Luka ni Lu, K, A. Yohana ni Y, O, H, A, N, A. Yakobo ni Y, A, K, O, B, O. Na Isaya ni I, S, A, Y, A. Union Version nzima ilitoka mwaka 1952, kwa hiyo kwa miaka mitano hivi majina yote hayo yaliandikika. Vivyo hivyo J: katika jedwali la elementi la mkemia Mrusi Mendeleev la mwaka 1869 iodini imeandikwa J, kwa kuwa Kijerumani huiita Jod. Kitunze kitabu hicho vizuri. Ukutani, hata hivyo, tuandike kwa alama za leo.

Mama Wycliffe, Webuye: Kijana wangu analia kwamba jina lake halimo katika Biblia. Kuna lolote la kufanya?

Jibu: Mama, mfute machozi. Jina lake ni W, Y, C, Li, F, Fe, na linakatika bila kubakiza hata herufi moja. Ni kweli halimo ndani ya Biblia, lakini John Wycliffe aliishi Uingereza katika karne ya 14 na jina lake limefungamana na kuitafsiri Biblia kwa Kiingereza. Mlete Jumapili, tutampa kadi.

Seremala wa Nyalenda: Ni jina gani refu zaidi ulilopata?

Jibu: Rehoboamu, Yeroboamu na Benyamini yana herufi tisa kila moja. Rehoboamu ni Re, Ho, B, O, Am, U, na Yeroboamu, aliyegawana naye ufalme, ni Y, Er, O, B, O, Am, U. Yaliyonishangaza zaidi ni ya wafalme wa kigeni, yenye herufi kumi: Senakeribu wa Ashuru (Se, Na, K, Er, I, B, U) na Artashasta wa Uajemi (Ar, Ta, S, H, As, Ta).

Mkulima wa Njoro: Jina likiwa na njia nyingi, kama Amosi, mnaandika ipi?

Jibu: Vijana wetu hujumlisha namba za atomi na kuchagua jumla ndogo. Am, Os, I ni 224. Am, O, S, I ni 172. Am, O, Si ni 117. Kwa hiyo kibao chetu kina Am, O, Si. Benyamini lina njia tatu. Jaribu kuzipata, ndugu, nami nitakuambia kama jumla yako ya chini ni sawa na yetu.

Mkulima wa Njoro: Nimepata 226.

Jibu: Ndiyo yenyewe. Be, N, Y, Am, I, Ni.