Kabla ya Kufungua Kabati la Marehemu

Wiki tatu baada ya mazishi ya mke wangu, binti yetu mkubwa alifungua kabati la mama yake na kuanza kutoa nguo, kwa kuwa likizo yake ilikuwa imebaki siku nne na tiketi ya basi la kurudi Mwanza alikuwa ameshakata. Nilimwomba alifunge. Hakubisha, ingawa siku ile sikuweza kumweleza sababu, na ni baadaye tu, kazi ilipokwisha, ndipo nilipoona ni mambo gani yangetuharibikia kama tungeendelea. Ninayaandika kwa ajili ya mjane au mgane anayejiandaa kupanga vitu vya mwenzake akisaidiwa na watoto waliokwisha kuwa na miji yao.

Kwanza ni siku ya kuanza, nayo ipangwe na aliyebaki nyumbani, si na ruhusa ya kazini ya mtoto. Mjane wa Kiislamu ana eda ya miezi 4 na siku 10, au hadi ajifungue ikiwa ni mjamzito, na zipo familia zinazosubiri atoke eda ndipo kabati liguswe. Mgane hana eda, na pengine ndiyo sababu sisi wanaume huharakishwa, kwani matanga yakishaondolewa watu humhesabu mwanamume kuwa amekwisha kurudi katika shughuli zake. Asiye na kipimo cha dini wala cha mila ajiwekee chake, awatajie watoto tarehe mapema ili waombe likizo kwa kuifuata, na asione haya kuisogeza mbele ikifika kabla moyo haujawa tayari.

Linalosahauliwa kuliko yote ni kwamba nguo za marehemu, hata kanga iliyochakaa, ni sehemu ya mirathi. Katika sehemu nyingi ndugu hugawana nguo siku ya kumaliza msiba, na mara nyingi jambo hilo hupita kwa amani, lakini anayegawa akumbuke kwamba anagawa kitu chenye wenyewe. Kwa taratibu za Kiislamu hutangulia gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja ya mali, na baada ya hapo ndipo warithi hupata mafungu yao. Na warithi si mume na watoto peke yao, kwa sababu mama mzazi wa marehemu, akiwa hai, ana sudusi yake, yaani moja ya sita. Mama mkwe wangu yu hai. Tulipompigia simu kuomba ridhaa yake, alituambia tugawe tutakavyoona, ila tumpelekee msala aliokuwa akisalia binti yake, na laiti tungegawa kwanza na kuuliza baadaye, msala huo ungekuwa umekwenda kwa mtu mwingine.

Kwa upande wa serikali, hapa Tanzania Bara cheti cha kifo hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, familia hukaa kikao na kuandika muhtasari wa kumpendekeza msimamizi wa mirathi, na msimamizi akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo hutakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 4, isipokuwa mahakama imwongezee muda. Kwa hiyo daftari mtakaloandika mkiwa mmekaa mkekani chumbani si la kujifurahisha; ndilo litakalomsaidia msimamizi, na ndilo litakalomlinda mjane endapo atatokea shemeji wa kuuliza ile redio imekwenda wapi. Andikeni kila chenye thamani, kipigeni picha, na awepo mtu mzima mmoja asiye mrithi wa kushuhudia.

Kabla ya kuandika, hata hivyo, jueni kipi ni cha nani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua kwamba mume au mke anaweza kumiliki mali yake mwenyewe ndani ya ndoa, hivyo cherehani aliyoinunua mjane kwa fedha zake haiingii katika orodha ya marehemu kwa sababu tu ilikaa chumbani mwake. Kuna pia amana. Mke wangu alikuwa akitunza sanduku la fedha la kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hukaa kwa wanachama watatu, na mwanangu wa kiume alikuwa ameshalisogeza kwenye vitu vya kwenda stoo akidhani ni la vyombo. Tulikuta vilevile kitambaa cha jirani kilichokuwa kikisubiri kushonwa, na daftari la waliomkopa na aliowakopa, ambalo lilitutoa jasho kuliko kitu kingine chochote, maana deni la marehemu halisubiri mafungu ya warithi.

Nyaraka zitafutwe kabla ya nguo kukunjwa, na zitafutwe kwa subira, kwa sababu watu wa umri wetu hawakuzoea kuweka karatasi mahali pamoja. Hati au ofa ya kiwanja, kadi ya gari, kitabu cha benki, karatasi za mfuko wa hifadhi ya jamii, risiti za kodi na kitambulisho cha taifa vinaweza kuwa chini ya godoro, katikati ya kurasa za msahafu au Biblia, au ndani ya kopo la majani ya chai. Kila mfuko wa nguo ukaguliwe na kila pindo la kanga lifunguliwe. Tulipata noti zilizofungwa katika mapindo matatu. Simu ya marehemu isifutwe wala laini yake isipewe mjukuu kabla fedha zilizomo hazijashughulikiwa kwa utaratibu wa kampuni husika na picha hazijahamishwa.

Watoto wagawiwe kazi mapema: mmoja aandike, mwingine akunje, wa tatu apokee wageni sebuleni ili wasiingie chumbani. Aliyebaki akae kwenye kiti, na asiulizwe juu ya kila kitambaa kwa zamu, kwani baada ya saa mbili atakuwa akisema ndiyo kwa kila jambo. Saa mbili kwa siku zinatosha. Mtoto anayetamani kitu aseme mbele ya wenzake kabla ya kazi kuanza, na aliye mbali asubiriwe kwa simu. Gora za kanga zilituogopesha, maana mabinti ni wawili na mama yao alikuwa na doti nyingi ambazo hajazivaa. Wakaamua wenyewe kuzikata kila doti, kila mmoja achukue kipande, kwa kuwa vipande vyote viwili vina jina lilelile.

Vinavyotoka nje ya familia havihitaji mjadala mrefu. Dawa zilizobaki asipewe mgonjwa mwingine, hata kama ugonjwa unafanana. Muulizeni mfamasia namna ya kuziteketeza. Nguo za ndani zisigawiwe. Nguo nzuri, kwa maoni yangu, zipelekwe mtaa wa mbali, kwa sababu si kila mtu ana uwezo wa kuliona gauni la mkewe likipita dirishani kila asubuhi likienda sokoni.

Binti yangu alirudi mwezi wa tano kwa tarehe niliyompa, na kwa siku sita tulimaliza kabati, masanduku mawili na stoo. Droo ya mitandio hatukuifungua. Iliandikwa katika daftari kama ilivyo, warithi wote wakaridhia, na ufunguo wake ninao mimi.