Mbwa Anapougua Ghafla: Namna ya Kumhudumia Kabla ya Kumfikisha kwa Daktari

Mbwa huficha maumivu kadiri awezavyo, na wengi huendelea kutikisa mkia hata wakati viungo vya ndani vimekwisha kudhoofika. Kwa sababu hiyo mwenye mbwa hapaswi kungoja kilio ndipo aamini kwamba kuna tatizo. Anapaswa kujifunza kutambua mabadiliko madogo, kujua yapi yanaweza kusubiri hadi asubuhi na yapi hayawezi kusubiri hata saa moja, na kujizuia asitende mambo yanayozidisha madhara. Hili la mwisho nalitaja kwa makusudi, kwa maana mtu aliyeshikwa na hofu hutaka kufanya jambo lolote lile, na dharura nyingi huharibiwa na tiba za kubahatisha zinazofanywa nyumbani katika dakika za mwanzo.

Mjue akiwa mzima

Vipimo havina faida kubwa ikiwa hujui mbwa wako huwaje siku za kawaida. Chagua wakati ambapo ametulia, umpime, kisha uandike matokeo katika daftari moja pamoja na uzito wake, tarehe za chanjo, na dawa za minyoo na kupe alizopewa. Uzito usiuache, kwani karibu kila kipimo cha dawa, na karibu kila hesabu ya hatari ya sumu, hutegemea kilo za mnyama.

Joto la mwili la mbwa mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39.2 za Selsiasi, yaani ni juu ya joto la binadamu, na ndiyo maana kumpapasa masikio au pua hakutoi jibu la kutegemewa. Pua kavu si ushahidi wa homa. Tumia kipimajoto cha kidijitali, upake mafuta ya mgando kwenye ncha, kisha ukiingize polepole kiasi cha sentimita 2 katika njia ya haja kubwa huku mtu mwingine akimshika na kumtuliza. Kikisoma zaidi ya 39.5 na mbwa hajatoka kukimbia, kuna homa. Kikifika 41 hiyo ni dharura. Na kikishuka chini ya 37.5 kwa mbwa aliyelegea, hali hiyo nayo inahitaji daktari mara moja.

Pumzi huhesabiwa akiwa amelala, na kila kifua kinapoinuka na kushuka huhesabiwa mara moja. Mbwa wengi huvuta chini ya pumzi 30 kwa dakika usingizini, na idadi inayozidi kupanda siku hadi siku ni miongoni mwa dalili za mapema za moyo kushindwa kufanya kazi. Mapigo ya moyo huhisiwa kwa vidole viwili upande wa ndani wa paja, karibu na kinena. Kwa mbwa wakubwa huanzia 60 hivi kwa dakika, na kwa wadogo yanaweza kufika 140 bila kuwa na ugonjwa.

Kama ningeruhusiwa kipimo kimoja tu, ningechagua fizi. Inua mdomo wa juu utazame rangi, kisha bonyeza ufizi kwa kidole hadi pawe peupe na uachie. Rangi ya waridi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2. Fizi nyeupe au zilizopauka huashiria upungufu wa damu, kuvuja damu ndani kwa ndani, au mzunguko wa damu ulioporomoka. Fizi za rangi ya samawati humaanisha kwamba hewa haimtoshi, nyekundu sana huonekana katika joto kali na baadhi ya sumu, na za manjano huonekana ini linapougua au chembe nyekundu za damu zinapoharibiwa, kama inavyoweza kutokea katika homa ya kupe. Mbwa mwenye fizi nyeusi kwa asili hutazamwa upande wa ndani wa kope la chini.

Yapi yanasubiri, yapi hayasubiri

Mbwa mzima aliyetapika mara moja, au aliyeharisha mara mbili tatu, lakini bado anakunywa maji, anatembea vizuri na anaitikia anapoitwa, anaweza kuangaliwa nyumbani kwa siku moja. Mpe maji kidogo kidogo mara nyingi badala ya bakuli zima, kisha mlishe milo midogo ya wali mweupe na nyama ya kuku iliyochemshwa bila chumvi, bila mafuta na bila mifupa. Mtoto wa mbwa, mbwa mzee na mwenye kisukari hawamo katika ruhusa hii, kwa sababu huishiwa maji na sukari mwilini upesi. Ili kupima upungufu wa maji, vuta ngozi ya mgongoni juu ya mabega uiachie; ikichelewa kurudi mahali pake, na fizi zikiwa kavu zenye kunata, maji ya kunywa pekee hayatatosha.

Mtoto wa mbwa asiyekamilisha chanjo, ambaye amelegea, anatapika na kuharisha kinyesi chenye damu na harufu kali, achukuliwe kuwa ana pavo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, mpaka kipimo kithibitishe vinginevyo. Ugonjwa huu unaweza kuua kwa muda mfupi kwa kumaliza maji ya mwili na kufungua njia ya bakteria kuingia katika damu, ingawa wengi hupona wakiwahi kupata maji ya mshipani na uangalizi wa karibu. Mtenge na mbwa wengine mara moja, na ukipiga simu kwa daktari eleza shaka yako ili asipitishwe katika chumba cha kungojea. Virusi vyake hustahimili sabuni za kawaida na huweza kudumu ardhini kwa miezi mingi, hivyo sakafu husafishwa kwa dawa ya klorini baada ya uchafu wote kuondolewa. Chanjo huanza katika umri wa wiki 6 hadi 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi mbwa atimize wiki 16, na aliyepata chanjo moja tu hajawa salama.

Dharura ambayo watu wengi huikosea ni ya mfuko wa chakula kujaa gesi na kujisokota. Huwapata zaidi mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, na mara nyingi huanza baada ya mlo mkubwa. Mbwa hutembea huku na huko bila utulivu, hujikakamua kutapika bila kutoa kitu isipokuwa povu, hutoa mate mengi, na tumbo huvimba na kukaza, ingawa kwa mbwa mwenye manyoya mengi uvimbe huo unaweza usionekane. Mwenye mbwa hudhani ni kiungulia akampa dawa ya tumbo na kulala. Hakuna dawa ya nyumbani kwa hali hii. Damu imezuiwa kufika kwenye mfuko huo na kurudi moyoni, na kinachomwokoa ni upasuaji ndani ya saa chache. Kujikakamua bila kutapika, peke yake, ni sababu tosha ya kuondoka nyumbani usiku wa manane.

Mbwa dume anayechuchumaa mara kwa mara bila mkojo kutoka naye asilale hivyo hadi kesho. Mbwa jike ambaye hajaondolewa kizazi, akianza kunywa maji mengi kupita kawaida, kukataa chakula na pengine kutokwa usaha wiki kadhaa baada ya kipindi chake cha kutaka dume, anaweza kuwa na usaha katika mji wa mimba. Usaha huo usipotoka nje hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa mji wa mimba unaweza kupasuka.

Amekula sumu

Hatua ya kwanza ni kuondoa kilichosalia na kukihifadhi pamoja na pakiti yake. Daktari atataka kujua amekula nini, kiasi gani, lini, na mbwa ana kilo ngapi. Majibu hayo manne yanaweza kuamua aina ya tiba. Mpigie simu hata kama mbwa anaonekana mzima. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na dalili huchelewa siku 2 hadi 5, wakati ambapo vitamini K1 ikianzishwa mapema ingeepusha janga zima. Sumu za wadudu za mashambani huwahi zaidi: mate yanamiminika, mboni za macho zinakuwa ndogo, misuli inatetemeka. Ikiwa sumu imemwagika mwilini, vaa glavu kabla ya kumwosha, kwani hupenya hata ngozi ya binadamu.

Jikoni na kabatini mwa dawa mna hatari zisizopewa uzito unaostahili. Chokoleti ina theobromini, kemikali iliyo sumu kwa mbwa, na kadiri ilivyo nyeusi ndivyo inavyodhuru zaidi. Zabibu, mbichi au zilizokaushwa, zinaweza kuharibu figo, na hakuna kiasi kinachoweza kuhesabiwa kuwa salama kwa kila mbwa. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu. Zailitoli, sukari mbadala inayotiwa katika baadhi ya jojo, peremende na siagi za karanga, hushusha sukari ya damu ghafla na huweza kuua ini. Kuhusu dawa za binadamu sina lugha ya upole: usimpe mbwa paracetamol, ibuprofen wala diclofenac kwa sababu tu zilikutuliza wewe.

Usimtapishe bila kuagizwa na daktari. Aliyemeza petroli, mafuta ya taa, asidi au dawa ya kuzibua mabomba ataungua mara ya pili yanaporudi juu, au yataingia mapafuni, na aliyelegea au anayetetemeka anaweza kupaliwa na matapishi yake. Kumnywesha maji ya chumvi ili atapike ni sumu nyingine juu ya ile ya kwanza. Maziwa na mafuta ya kupikia, ambavyo karibu kila jirani atapendekeza, havifuti sumu.

Joto, degedege, damu na moyo kusimama

Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na mwenye pua fupi huhema kwa shida. Akiwa amezidiwa na joto, yaani anahema bila kukoma, fizi ni nyekundu, anayumba au anatapika, mpoze kwanza ndipo umsafirishe. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida ya bomba mwili mzima, hasa tumboni na kwenye makwapa, na umpepee. Usimfunike kwa taulo lililolowa ukaliacha, kwani hushikilia joto la mwili na kulizuia lisitoke. Joto likishuka hadi 39.5 acha kumwagia maji, la sivyo litashuka kupita kiasi. Hata akionekana amepona apelekwe kwa daktari, kwa kuwa madhara ya figo na ya kuganda kwa damu huja baadaye.

Katika degedege, tazama saa. Ondoa vitu vigumu vilivyo karibu naye, punguza mwanga na kelele, na usiweke mkono wala kijiko mdomoni, kwa maana mbwa hamezi ulimi wake bali atakuuma bila kujua. Degedege linalozidi dakika 5, au linalorudi ndani ya saa 24, linahitaji daktari mara hiyo hiyo. Ukiweza kurekodi video fupi, itamsaidia daktari kuliko maelezo yako yote.

Damu inayotoka huzuiwa kwa kukandamiza kitambaa safi juu ya jeraha kwa dakika 5 hadi 10 bila kufunuafunua; kikilowa, ongeza kingine juu yake. Mfupa uliovunjika usiunyooshe. Aliyeumwa na nyoka abebwe, asitembezwe, wala jeraha lisichanjwe.

Asiyeitika na asiyepumua mlaze ubavu, ukandamize kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika kwa kina cha theluthi hadi nusu ya upana wake, na baada ya kila mikandamizo 30 mpulizie hewa mara 2 puani ukiwa umemfunga mdomo kwa mkono. Uwezekano wa kumrudisha ni mdogo, na ni haki msomaji ajue hilo mapema, lakini hakuna cha kupoteza.

Njiani na baada ya kurudi

Mbwa mpole akiwa na maumivu huuma. Mfunge mdomo kwa bendeji laini kabla ya kumwinua, isipokuwa kama anatapika, anahema kwa shida au amepoteza fahamu, na umbebe juu ya blanketi au ubao. Ikiwa tabia yake imebadilika ghafla, anashindwa kumeza na mate yanamtoka, usimguse kabisa, kwani huenda ni kichaa cha mbwa; mfungie mahali alipo na uite wataalamu. Aliyeumwa au kuparuzwa naye aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 na afike hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa daktari, uliza waziwazi gharama, uwezekano wa kupona na njia mbadala. Daktari mzuri hachukizwi na swali la fedha. Ikiwa ugonjwa hauna tiba na maumivu hayatulizwi, muulize pia kuhusu kumsitishia uhai bila mateso, na mhukumu mnyama kwa kula kwake, kutembea kwake na usingizi wake, si kwa uzito wa uchungu wako.

Mkirudi nyumbani, mpe dawa kwa saa zilizoandikwa na uzimalize hata akichangamka siku ya pili, hasa antibiotiki. Kidonge hufichwa katika tonge dogo la chakula akipendacho. Dawa ya maji huingizwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano pembeni mwa shavu, kidogo kidogo, asipaliwe. Tazama mshono mara mbili kwa siku, na ukiona wekundu unaoenea, uvimbe, harufu au majimaji, piga simu bila kungoja tarehe uliyopangiwa. Nyuzi zisizoyeyuka kwa kawaida hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na mpaka hapo mbwa avae kola ya kumzuia kulamba, asiogeshwe, na atoke nje kwa haja tu akiwa amefungwa kamba.