Nishani Hazimo Kwenye DD 214 Yako? Namna ya Kuzidai

Siku niliyotoka jeshi la Marekani nilitia sahihi karatasi zaidi ya kumi bila kusoma hata moja. Karani alinionyesha mstari, nikaandika jina, tukapeana mkono. Akili yangu ilikuwa imeshafika Nairobi, kwenye ugali wa mama.

Makosa niliyaona miaka miwili baadaye, nilipoomba kazi ya serikali kuu hapa Marekani. Mimi niliingia jeshini 2011. Aliyetumikia zaidi ya siku 180 mfululizo, ambazo hata sehemu yake iliangukia kipindi cha 11 Septemba 2001 hadi 31 Agosti 2010, hupewa kwa utumishi huo pointi 5 za askari wa zamani, zinazoongezwa kwenye alama zake za kuomba kazi. Sisi tulioingia baadaye, njia ya kawaida ya kuzipata ni nishani ya kampeni. Nilikuwa nimekula vumbi la Kandahar miezi tisa, lakini kisanduku cha 13, panapoandikwa nishani, kwenye DD 214 yangu, ile hati ya kuachishwa jeshini, hakikutaja Afghanistan Campaign Medal. Kwa mtu wa ajira, mimi sikuwahi kufika huko. Basi nikaanza kuhangaika, na haya ndiyo niliyojifunza.

Hatua ya 1: Pata nakala iliyo kamili

DD 214 hutolewa nakala kadhaa. Ile ya Member-1 imefupishwa. Haionyeshi sababu ya kuachishwa wala aina ya kuachishwa. Unayoitaka ni Member-4. Kama imepotea, omba kwa hifadhi ya taifa ya kumbukumbu za wanajeshi iliyoko St. Louis, Missouri, ama mtandaoni kupitia eVetRecs, ama kwa fomu SF 180. Omba faili zima la utumishi, usiombe DD 214 peke yake, kwa sababu ushahidi wako huenda umelala humo humo. Mwenyewe halipi kitu. Ukiona tovuti inakutoza dola kwa huduma hiyo, funga.

Kisha soma kisanduku cha 13, halafu cha 18 ambako huandikwa maelezo ya ziada, zikiwemo tarehe za kupelekwa vitani. Mimi safari yangu ilikuwa imeandikwa cha 18 na nishani yake haikuandikwa cha 13. Karatasi moja inajipinga yenyewe! Kosa la namna hiyo ndilo rahisi kuliko yote.

Hatua ya 2: Jua nishani yako ni ya aina gani

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuna nishani unazopata kwa kuwepo. Ulikuwa mahali fulani, katika tarehe fulani, kwa siku za kutosha: imekuwa yako. National Defense Service Medal ni ya namna hii. Za kampeni za Iraq na Afghanistan vilevile: kwa kawaida ni siku 30 mfululizo, au siku 60 za kuunganisha. Hapa huhitaji barua ya kamanda. Unathibitisha tu kwamba ulikuwepo.

Na kuna nishani unazopewa kwa amri. Mtu alikupendekeza, mwenye mamlaka akatia sahihi, amri ikatoka na nambari yake. ARCOM (Army Commendation Medal) ni hivyo, Bronze Star ni hivyo, hata Good Conduct ya Jeshi la Nchi Kavu inahitaji amri, ingawa wengi hudhani miaka mitatu ikitimia inakuja yenyewe. Kwa hizi, kumbukumbu za wenzako na picha ya gwaride havitoshi. Unatafuta karatasi yenye nambari ya amri.

Aina ya tatu ni za kikosi, kama Meritorious Unit Commendation. Kikosi kinaweza kutunukiwa miaka kadhaa baada ya wewe kuondoka, na karani aliyekuandikia DD 214 hakuwa mtabiri. Angalia orodha za tuzo za kikosi chako hata kama unaamini karatasi yako iko sawa.

Usijaze fomu yoyote kabla hujajua unayoidai iko kundi gani. Mimi nilichanganya ARCOM na ya kampeni kwenye ombi moja lisilo na maelezo, likarudi lote.

Hatua ya 3: Kusanya karatasi

Kwa nishani za kuwepo, tafuta amri ya kupelekwa, madai ya safari, na karatasi za mshahara, zile LES. Ukiona ulilipwa posho ya hatari ya dola 225 kwa mwezi na mshahara haukukatwa kodi ya mapato, hiyo inasema ulikuwa wapi kuliko hotuba yoyote. Kwa nishani za amri, tafuta fomu DA 638 ya mapendekezo au cheti chenyewe. Watu wengi wametundika cheti cha ARCOM sebuleni na hawajui kwamba nambari ya amri imeandikwa humo. Kitoe kwenye fremu, ukisome, upige nakala. Cha asili usikitume popote.

Hatua ya 4: Peleka kwa wenye faili

Usipeleke kwa VA, wizara ya askari wa zamani. VA hushughulikia matibabu na mafao, DD 214 si yao. Jeshi la Nchi Kavu lina ofisi yake Fort Knox, Kentucky. La Majini liko Millington, Tennessee. La Anga liko Randolph, San Antonio. Marines wako Quantico, Virginia. Andika barua fupi: jina ulilotumikia nalo, tarehe ulizotumikia, nishani inayokosekana, na ushahidi wa kila moja umewekwa alama. Nishani moja, aya moja.

Wakikubali, usitarajie DD 214 mpya. Utapewa DD 215, karatasi ya masahihisho, inayokaa pamoja na ile ya zamani. Kuanzia hapo kila utakapotoa moja, toa na nyingine. Yangu ilikuja baada ya miezi saba, nusu ukurasa, na nilikuwa nimeshakata tamaa.

Hatua ya 5: Bodi, kama wamekataa

Fomu ni DD 149, na kila jeshi lina bodi yake ya kusahihisha kumbukumbu. Marines huamuliwa na bodi ya Jeshi la Majini. Sheria inataka uombe ndani ya miaka 3 tangu ulipogundua kosa, lakini bodi inaweza kusamehe ucheleweshaji ukieleza sababu. Ukiruka hatua ya 4 watakurudishia, kwa hiyo ambatisha barua ya kukataliwa.

Maswali mliyoniuliza

*Kaka, shikamoo. Nilitumikia kwa majina matatu ya nyumbani, nilipopata uraia nikafupisha. Niombe kwa jina gani?*

Marahaba. Kwa lile ulilotumikia nalo. DD 214 inaonyesha hali ilivyokuwa siku uliyotoka. Ambatisha cheti cha uraia au amri ya mahakama inayounganisha majina yote mawili. Na ninyi ndugu zetu wa Kongo mlioandikiwa 1 Januari kwenye kambi ya wakimbizi kuwa siku ya kuzaliwa, tumieni hiyo hiyo iliyo kwenye faili la jeshi. Msianze kurekebisha mambo mawili kwa ombi moja.

*Kamanda wangu aliniahidi nishani, tukarudi nyumbani, kimya. Naweza kuidai?*

Ahadi si amri, ndugu yangu. Ila ipo njia: mbunge wako wa Congress anaweza kuomba pendekezo lililochelewa lizingatiwe. Ofisi yake itakupa fomu ya ruhusa ya kugusa taarifa zako. Pendekezo lenyewe liandikwe na mtu aliyekuwa juu yako na anayejua ulichofanya, pamoja na maelezo ya walioshuhudia. Mtafute huyo kamanda kwanza. Ni kazi ndefu.

*Baba mkwe wangu Mmarekani alitoka jeshini 1955, sasa ni marehemu. Wanasema faili lake liliungua. Ni kweli au wanatufukuza?*

Inawezekana kabisa ni kweli, dada, pole. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka St. Louis na kuteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Kwa walioachishwa Jeshi la Nchi Kavu kati ya 1912 na 1960, karibu asilimia 80 yaliangamia. Lakini hifadhi hujaribu kujenga upya kumbukumbu kwa kutumia hati za malipo na ripoti za asubuhi za vikosi. Ulizeni pia ofisi ya kumbukumbu ya kaunti alikokuwa akiishi, kwani wengi waliandikisha hati zao huko waliporudi. Ombi la nishani aliweke mumeo. Mtoto anahesabika kuwa ndugu wa karibu, mkamwana hayumo.

*Si ninunue tu utepe mtandaoni nivae? Nilikuwepo, Mungu shahidi.*

Mungu haandiki DD 215. Duka litakuuzia chochote, ila kujidai una nishani fulani kwa udanganyifu ili upate pesa au manufaa ni kosa chini ya sheria ya 2013. Pata karatasi kwanza, utepe baadaye.

*Nani anaweza kunisaidia kujaza? Kiingereza cha fomu kinanichosha.*

Kaunti nyingi zina ofisa wa askari wa zamani, na vyama vya askari wa zamani kama DAV na American Legion vina wasaidizi. Wote bure. Nenda na karatasi zako zikiwa zimepangwa kwa tarehe.

*Babu yangu alikuwa keya (King's African Rifles), alipigana Burma. Hii SF 180 itamsaidia?*

Hapana, shemeji. Hiyo ni ya majeshi ya Marekani, na babu alitumikia Mwingereza. Nishani ya Burma Star ilikuwa ya waliopigana huko kati ya Desemba 1941 na Septemba 1945, na zile za vita hiyo Uingereza ilizitoa bila kuchonga majina, kwa hiyo hata ukiikuta sandukuni haisemi ni ya nani. Kinachosema ni kitabu chake cha kuachishwa, chenye nambari ya jeshi na jina la kikosi. Muulize bibi kabla hajahamisha lile sanduku.