Zege halilali: ya kuweka sawa siku moja kabla

Mafundi husema zege halilali, na ni kweli: likishatiwa maji, ndani ya saa moja hivi liwe limeshamwagwa. Kwa hiyo kazi ya linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, hapa Bagamoyo huanza jana yake, na huanzia kwenye mchanga.

Mchanga wa ufukweni uko karibu, na hapo ndipo unaponasa watu. Una chumvi, na chumvi hula nondo ndani kwa ndani. Kutu huvimba, zege likapasuka na kumeguka. Atakwambia mtu, mbona nyumba za Mji Mkongwe ni za matumbawe na bado zimesimama? Zile ni mawe na chokaa, hazina nondo ya kuliwa. Nunua mchanga wa mtoni au wa shimo. Ukishushwa, tia kiasi kwenye chupa ya maji, tikisa, uache mpaka asubuhi. Tope likitanda juu tabaka nene, urudishe. Maji nayo yaonje. Ya kisima yakikolea chumvi, jaza mapipa ya bomba usiku, maana asubuhi bomba halina ahadi.

Kipimo kiwe ndoo, si chepe. Mfuko wa saruji wa kilo 50 kwa nguzo au linta huchukua ndoo mbili na nusu za mchanga na tano za kokoto, ndoo za lita 20 zilizosawazishwa mdomoni. Maji yasizidi lita 25, na yapungue kama mchanga umelowa. Ugomvi uko hapa: saidia fundi hupenda zege la uji kwa sababu linateremka lenyewe, lakini maji hayo ya ziada ndiyo yanayolidhoofisha. Simama hapo mwenyewe.

Nondo ziinuliwe kwa vitofali vya zege vya sentimita 4, zisilalie mbao. Mirunda, miti ya kushikilia mbao hizo, ikazwe. Glavu na mabuti viwepo, saruji mbichi hubabua. Mama ntilie alete chakula pale pale.

Siku nayo ichague. Niliwahi kupanga Ijumaa: saa sita mafundi wakaenda msikitini, kama ipasavyo, linta ikabaki nusu. Pale tulipoungia pana ufa hadi leo.

Mwisho, mtu wa kulimwagilia zege maji umpate kabla, asubuhi na jioni kwa siku 7, na magunia ya kufunikia. Mpe na ufunguo wa geti.